Ampli ikigoma, unamlipa fundi kwa kipi hasa?

Kuna kitu kinaniuma kuhusu sisi wateja wa mafundi redio hapa Moshi, na nimeona hata Arusha ni vilevile: hatutaki kulipia kuangalia. Mtu anapeleka ampli, fundi anakaa nayo tangu asubuhi anapima hatua kwa hatua, mwisho anakuta mguu wa transfoma umeachia kwenye bodi, anagusa na risasi kidogo ya kulehemu, ampli inapiga. Akisema nipe elfu kumi na tano mteja anawaka, "we si umechomelea tu, spea gani umeweka hapo?" Sasa na yeye ana watoto jamani. Akishaona kujua hakulipwi ila spea inalipwa, atabadilisha hata spea nzima ili apate cha kukudai, alafu tunazunguka mtaani tunasema mafundi wote wezi. Mi naona hiyo tabia tumeifuga wenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nifungue mwenyewe au nipeleke kwa fundi, simuulizi kama anajua kushika pasi ya kulehemu, namuuliza umeshajua tatizo liko upande gani? Maana sehemu kubwa ya kutafuta unaifanya nyumbani bila kugusa bisibisi. Spika ya kushoto haitoi sauti, hamisha waya wake uupeleke kulia. Spika ya kulia nayo ikinyamaza kwa waya huo, waya ndo mbovu. Spika ileile ya kushoto ikiendelea kunyamaza hata upande mwingine kwa waya mzima, basi ni spika. Na kama spika zote mbili zinapiga kulia na kushoto kupo kimya tu, sasa ndo uanze kuiwazia ampli. Ni dakika chache, na kwa mtu anayetoka Marangu au Kibosho kushusha ampli ya kanisa mjini kwa Hiace, ni nauli na siku nzima imeokoka.

Mi ndo nasimamia vyombo vya kwaya yetu, na karibu kila kinachogoma huwa ni waya. Waya wa maiki unakatikia palepale unapoingia kwenye jeki, kwa sababu watu wakimaliza kuimba wanauzungushia kwenye kiwiko kama kamba ya mbuzi. Hii usimpelekee fundi. Kata kipande kilichochoka, menya, lehemu upya, hakikisha ile nyavu ya nje haigusani na waya wa kati, basi. Na volyumu inayokwaruza ukiizungusha ni vumbi na uchafu kwenye ule mkanda wa kaboni ndani, unachomoa umeme, unapulizia spirei ya kusafishia kontakti, unazungusha nobu kwenda na kurudi mara nyingi, unaacha ikauke kabisa. Spirei ya kontakti nimesema, siyo pafyumu wala mafuta ya cherehani, mafuta yanabaki humo na kushika vumbi jipya.

Spika yenyewe nayo inapimika. Ile mita ya njano ya bei rahisi ya kupimia umeme inatosha, spika iliyoandikwa om 8 itasoma kama 6 hivi na hiyo ni nzima kabisa, isiposoma kitu koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, imekatika. Huna mita, gusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwenye miguu yake kwa sekunde moja tu, nzima itatoa "tap" na karatasi itacheza.

Sasa ndani kwenye pawa ndo naweka mpaka, na hapa naongea kwa uzito maana kuna vijana wanafungua wakiwa wameangalia video moja tu. Sabufa nyingi za siku hizi hazina transfoma kubwa la chuma, zina pawa ya swichingi, umeme wa ukutani wa volti 230 unageuzwa moja kwa moja, na kapasita kubwa pale mwanzoni, kile kikopo kinachotunza chaji, inakaa na volti kama 325 za DC, yani umeme wa aina ya betri. Hizo zinaweza kubaki hata ukishachomoa plagi. Zinaua. Kama hujui kuitoa chaji kwa usalama, funga mfuniko upeleke.

Na fyuzi. Fyuzi ikikatika weka moja ya namba ileile, ikikatika tena kuna shoti ndani, acha hapohapo. Ile ya kuzungushia karatasi ya sigara inageuza tatizo la spea moja kuwa bodi nzima, au moto. Fundi anayejielewa ataiwasha kwanza kwa kuipitisha kwenye balbu ya zamani ya nyuzi, zile zinazopata moto zikiwaka, maana za LED hazifanyi hiyo kazi, balbu ikiwaka kwa nguvu na isizime anajua kuna shoti na hakuna kilichoungua zaidi. Ukimkuta fundi ana hiyo balbu juu ya meza, mwachie ampli yako.

Kingine ambacho kimeshakula hela za watu wengi ni transista za mwisho, zile zinazosukuma spika. Zikipiga shoti, ampli inasukuma DC kwenye spika na koili inaungua. Mwenye nayo anaona spika imekufa, ananunua mpya, anafunga, inaungua tena jioni ileile, alafu anasema spika za siku hizi feki. Kabla ya kufunga spika mpya lazima mtu apime volti za DC kwenye miguu ya ampli inayokwenda kwenye spika, ikiwa haina spika na volyumu ipo sifuri, isome karibu na sifuri, yani milivolti kadhaa tu, ikisoma volti nyingi usifunge kitu.

Feki ziko kweli ila ziko kwenye transista zenyewe. Ile jozi inayotumika kwenye ampli nyingi kubwa, 2SC5200 na 2SA1943, orijino inabeba volti 230 na ampea 15, ila imeigwa mno, feki kwa nje inafanana kabisa, ndani ina kipande kidogo cha silikoni. Volyumu ikiwa chini inaimba vizuri, ukiifungulia kwenye harusi inakufa. Ndo maana fundi mwenye rafu imejaa bodi za ampli za zamani za Kijapani zilizokufa mi simuoni mchafu, zile bodi ni stoo yake, anang'oa transista orijino zilizo nzima, anazipima, anakufungia. Akikuambia ya kung'oa ni elfu kadhaa na kuangalia ni hela yake tofauti, mpe zote mbili, na spea yako iliyokufa uondoke nayo.