Zamu ya Alasiri

Mwaka 2003 nilikuwa naishi na bibi Walukuba, Jinja, kwenye zile nyumba za safu zilizojengwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani. Uani kwetu kulikuwa na Waluo, Wasamia, Wanubi na Wagisu, na kwenye foleni ya bomba sote tuliongea Kiswahili. Bibi alifuga kuku wa kuuza. Njiwa walikuwa wa mapenzi tu, na walikuwa wawili: dume tukimwita Kijivu, jike tukimwita Shanga kwa sababu ya kijani na zambarau iliyokuwa ikimetameta shingoni mwake jua likimpiga. Walikaa kwenye sanduku la mbao tulilolitundika chini ya upenu wa jiko, na walinizoea kiasi cha kutua begani nikibeba bakuli la mtama.

Aliyewahi kufuga njiwa anajua kwamba wakitaga huingia zamu. Jike hulalia mayai kuanzia alasiri mpaka asubuhi. Mnamo saa nne dume huja, jike anatoka kwenda kula, kunywa na kunyoosha mabawa, na dume anashika kiota mpaka saa kumi hivi. Kijivu na Shanga walipokezana vizuri mno. Mmoja akifika mlangoni, mwenzake ananyanyuka taratibu asije akavunja yai, wanapishana, basi. Mimi nilikuwa likizo ya Agosti, sina kazi, nikiwatazama kutwa nzima.

Shanga alichukuliwa na kipanga wakati wake wa mapumziko. Ilikuwa mchana, ameshuka kunywa kwenye kidimbwi cha chini ya bomba. Kipanga alitokea upande wa mwembe, chini chini, nikasikia kishindo cha mabawa na kuku wote wakapiga kelele. Nilipogeuka ameshapita juu ya mabati kuelekea ziwani na Shanga yuko kuchani. Pale bombani yalibaki manyoya ya kifuani, mepesi, yakielea juu ya maji. Kijivu alikuwa ndani ya sanduku juu ya mayai. Hakuona chochote.

Ilipofika saa kumi akasimama. Akayageuza mayai kwa mdomo, akaja mlangoni, akachungulia huku na huku. Akaita. Akarudi kulalia kidogo, akatoka tena kuita. Niliyaona haya nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, na kusema kweli kifo chenyewe hakikuniliza; kilichoniliza ni kumwona akisubiri kupokewa. Giza lilipoanza kuingia akaruka mpaka kwenye ukingo wa paa, mahali alipokuwa akilala kila siku, na mayai yakabaki wazi.

Bibi akanituma kwa mzee wa safu ya pili, mfugaji wa njiwa wa miaka mingi, ambaye watoto wote wa pale tulimwita Babu. Alikuja na tochi. Akalichukua yai moja, akaliweka mbele ya mwanga, akaniambia, "Mjukuu wangu, sogea uone." Ndani mlikuwa na mishipa myekundu, myembamba kuliko uzi wa kushonea, imetandaa kutoka kwenye kidoa cheusi, na kidoa kile kilikuwa kikitikisika.

"Yana siku tisa, kumi," akasema. "Hawa wanapona, lakini wasilale hapa na baridi."

Kwake alikuwa na jozi iliyotaga karibu siku zilezile, na mayai yao yalikuwa viza, hayana kitu. Alinieleza kwa nini umri wa mayai ulikuwa muhimu. Kinda la njiwa halianzi na nafaka. Hulishwa uji mzito mweupe unaotengenezwa kooni mwa wazazi wote wawili, baba na mama, na uji huo huja tu wakishalalia mayai siku za kutosha. Ukimpa njiwa mayai yasiyolingana na siku zake, kinda litatoka kabla chakula hakijawa tayari. Basi mayai ya Shanga yakaenda kwa ile jozi usiku uleule, na Babu akarudi na yale mawili yaliyokuwa viza, akayaweka kwenye sanduku la Kijivu.

Bibi hakupenda. "Kaka, unamdanganya kiumbe wa Mungu."

"Simdanganyi, dada. Namwachia kazi. Ukimwondolea mke na mayai siku moja, atafanya nini kesho saa nne?"

Na kweli, kesho yake saa nne Kijivu aliingia kiotani akalala juu ya mayai yale. Saa kumi akatoka kusubiri. Mpaka leo naamini Babu alifanya jambo la huruma, ingawa Bibi alilinung'unikia wiki nzima.

Kilichotutisha ni kula. Alijikunyata, manyoya yamevimba, akawa haji kwenye bakuli. Ndege mdogo akiacha kula haichukui muda kufa, hana akiba. Nilimwekea mtama kiganjani, nikamwekea ulezi, nikamsagia maganda ya mayai nikachanganya na mchanga mwembamba, akaviangalia tu. Bibi ndiye aliyesema nikamwage chakula katikati ya kuku. Kuku walipoanza kudonoa na kusukumana, Kijivu akashuka, akasimama pembeni, halafu akadonoa punje moja, ya pili, ya tatu. Peke yake hakuweza. Akiona wengine wanakula naye anakula. Tangu hapo nikawa namlisha pamoja na kuku, na nikakaa palepale na fimbo nikimwangalia yule kipanga.

Baadaye mayai yale aliyaacha mwenyewe, kidogo kidogo, siku moja akiingia, siku nyingine haingii. Akaanza kuokota vijiti. Kwa njiwa, dume huleta kijiti kimoja kimoja na jike aliyekaa kiotani hukipanga. Kijivu alileta, akaweka mlangoni, hakuna wa kupokea, kikaanguka chini. Akaenda kuleta kingine. Nilipanda juu ya kigoda, na kila akiruka kwenda mimi nilikichukua kijiti nikakilaza ndani, kwa mviringo, kama nilivyomwona Shanga akifanya. Alirudi, akaniangalia kwa jicho moja, akaweka kingine. Tulifanya kazi hiyo asubuhi nzima.

Babu alipoona vijiti akasema sasa yuko tayari, akaleta jike jeupe. Bibi akasema mapema mno. Babu akacheka, "Mwanamume hakai eda, dada." Bibi akamjibu kwamba huyu si mwanamume, ni njiwa, aulizwe mwenyewe. Wakakubaliana jike akae kwanza ndani ya tundu la waya, ubavuni mwa sanduku, waonane bila kugusana. Mwanzoni Kijivu alimpiga kwa bawa kupitia waya. Tukamwacha. Siku zikapita, akaanza kuzunguka mbele ya waya, shingo imevimba, mkia unafagia ubao, akinguruma. Siku nilipomwona jike ameingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa Kijivu, hata Bibi alisema nifungue tundu. Nilitaka tumwite Shanga. Bibi akakataa kabisa, marehemu hapokonywi jina. Tukamwita Pamba.

Mayai ya Shanga yaliangua yote mawili kwa Babu. Kwa desturi ya wafugaji wa pale, yeye alibaki na kinda moja, na la pili alituletea lilipotimiza mwezi na kujua kudonoa. Lilikuwa na ile shingo ya mama yake, inaanza tu kung'aa. Nilimpeleka mpaka mlangoni kwa Kijivu, nikidhani atamjua. Alimfukuza kwa mabawa kama anavyomfukuza njiwa yeyote wa jirani, maana ndani Pamba alikuwa ameshataga na ilikuwa zamu yake kulinda. Jumamosi ile nikaomba misumari kwa Babu, tukatundika sanduku la pili upande mwingine wa jiko.