Bwawa, Wodi na Kalenda

Tangu nianze kusomea udaktari hapa Kampala huku nikiendelea kushindana katika kuogelea mita 50 za mtindo huru, sifa ninayopewa mara nyingi ni ya bidii, nami huipokea kwa heshima ingawa naona haijagusa penyewe. Waogeleaji wenzangu walioacha mashindano walipofika mwaka wa tatu walikuwa na bidii kunishinda. Kilichowaangusha ni ratiba.

Shahada ya udaktari ya Makerere huchukua miaka mitano, kisha hufuata mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini. Miaka ya mwanzo hutawaliwa na mihadhara na maabara ya anatomia, na anayekubali kuingia majini alfajiri (mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, kwa hiyo ubaridi si wa kusimuliwa) huwahi darasani bila shida. Wodini mambo hugeuka. Zamu ya usiku haimwulizi mtu kama ana mashindano Jumamosi, na mwogeleaji wa mbio fupi aliyekosa usingizi huiona hasara papo hapo: huchelewa kuruka ishara ya kuanzia inapolia, mikono humwia mizito, na katika mbio inayoamuliwa kwa sehemu za mia za sekunde hapana pa kufidia.

Ndiyo maana humtaja sana mwogeleaji Jenny Thompson wa Marekani. Alianza udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 2001, akiwa tayari na medali 10 za Olimpiki. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 30, alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 100 za mtindo wa kipepeo mjini Barcelona, na mwaka uliofuata aliongeza medali mbili za fedha mjini Athens katika mbio za kupokezana. Alihitimu mwaka 2006, yaani miaka mitano kwa masomo ambayo kwao kwa kawaida huchukua minne, kisha akabobea katika tiba ya nusu kaputi. Mwaka huo mmoja wa ziada unanivutia kuliko medali zenyewe.

Kwetu mzazi akisikia mtoto anaahirisha mwaka hudhani amefeli, na anayelipa karo kutoka mfukoni mwake ana haki ya kuuliza. Lakini mbio zetu zinaruhusu mpango huo. Kirabo Namutebi na Tendo Mukalazi, walioiwakilisha Uganda katika Olimpiki ya Tokyo, wote wawili waliogelea mita 50 za mtindo huru, umbali usiodai kilomita nyingi za mazoezi kama mita 1,500. Mimi nimekwisha kumweleza baba kwamba nitaomba kuahirisha mwaka wa nne, kabla ya zamu za upasuaji na uzazi. Amekubali, kwa sharti kwamba nimwonyeshe kwanza kalenda ya mashindano.