Jointi za ekseli za Kombi hufunguliwa, nami nimezifungua

Mafundi wawili hapa Tanga waliniambia kwamba jointi za ekseli za Volkswagen Kombi, yaani viungo vinavyopeleka mzunguko kwenye magurudumu huku vikipinda, hazifunguliwi, na kwamba zikianza kugonga hutupwa. Sikukubali. Kombi yangu ya mwaka 1974, niliyorithi kwa baba, ilikuwa imechanika mpira mmoja tu unaofunika jointi, na niliamini kuwa kilichokuwa kikilia ni mchanga uliochanganyika na grisi, wala si chuma kilichokwisha.

Kila jointi hushikwa na boliti sita zenye meno 12 ndani ya kichwa. Chokonoa matope yote kwa msumari kabla ya kuingiza spaneri yake, kwa maana boliti ikishavunjwa meno utalia nayo siku nzima. Spaneri hiyo ilinigharimu fedha kidogo sana ukilinganisha na jointi moja mpya.

Niliziosha gololi, kizimba kinachozishika na kitovu cha katikati kwa mafuta ya taa mpaka vikang'aa. Ukucha ukipita kwenye mfereji ambamo gololi hutembea na kunasa katika kishimo, jointi hiyo haifai tena. Zangu zilikuwa na alama za kung'aa tu.

Kazi ilikuwa kuirudisha. Jointi ya kwanza niliikusanya mara tatu, na mara zote iliganda, haipindi upande wowote, nami nikaanza kuhofu kwamba wale mafundi walisema kweli. Jioni, nilipoigeuzageuza kwenye mwanga wa taa, niliona kwamba nafasi zilizo kati ya mifereji hazilingani: moja pana, inayofuata nyembamba, na ndivyo ilivyo kwenye pete ya nje na kwenye kitovu pia. Nilikuwa nimezielekeza pana kwa pana. Nilipoitazamisha pana ya pete na nyembamba ya kitovu, nikakiingiza kitovu na gololi zake kwa mshazari na kusukuma kwa vidole gumba, kikalala mahali pake bila nyundo. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza.

Gololi za jointi moja usizichanganye na za nyingine. Nilijaza grisi nyeusi ya molibdeni, nikafunga mipira mipya, kisha shafti ya kushoto nikaihamishia kulia na ya kulia kushoto, ili gololi zisukume ukuta wa mfereji ambao haujalika. Nilikwenda Pangani na kurudi, nikazikaza tena boliti zote 24 za jointi nne, na mbili kati yake zilikuwa zimelegea kidogo. Mlio haujasikika tena.