Mwana Aliyekuwa Sheffield

Mamangu alifariki Mombasa Mei 2020. Ndege zilikuwa zimesimamishwa, na mazishini hawakuruhusiwa zaidi ya watu 15. Kwetu mwana wa kiume ndiye hushuka kaburini kumpokea mamake. Siku ile alishuka mjomba. Mimi nilikuwa chumbani kwangu Sheffield, Uingereza, nikitazama kwenye simu picha iliyokuwa ikikatika.

Agosti ya mwaka uliofuata nilipanda basi hadi Eyam, kijiji cha vilimani huko Derbyshire ambacho wenyewe hukitamka “Iim”. Husimuliwa kwamba mwaka 1665 mzigo wa vitambaa kutoka London ulimfikia fundi mshonaji wa pale ukiwa na viroboto wa tauni. Msaidizi wake, George Viccars, alikufa Septemba. Mwaka 1666 kasisi William Mompesson na mwenzake Thomas Stanley walikubaliana na wanakijiji wasitoke, maradhi yasije yakavuka kwa majirani. Walikufa watu wapatao 260, akiwemo Catherine, mkewe Mompesson.

Kwenye njia ya kwenda Stoney Middleton nililikuta jiwe la mpakani. Lina mashimo sita, ambamo walikuwa wakitia sarafu ndani ya siki ili kulipia chakula walichoachiwa hapo. Nilitia kidole katika shimo moja. Lilikuwa laini kama kinu kilichotwangiwa miaka mingi.

Wengi humsifu kasisi, na anastahili. Mimi sikuweza kuondoka kwenye makaburi ya Riley, nje kidogo ya kijiji, yaliyozungukwa na ukuta wa mawe katikati ya shamba. Elizabeth Hancock aliwazika hapo mumewe na watoto wao sita, ndani ya siku nane za Agosti 1666. Peke yake. Hakuna wa kuosha, hakuna wa kubeba, hakuna hata wa kumshika mkono. Alimbakia mwana mmoja tu, na mwana huyo, wasimuliavyo, alikuwa Sheffield.

Niliketi kwenye nyasi nikalia. Kisha nikampigia mjomba, nikamuuliza jambo ambalo kwa miezi 15 sikuwa nimethubutu kuuliza.

“Mjomba, ulimlazaje?”

Alinyamaza kidogo. “Ubavu wa kulia, mwanangu, uso kibla. Nikamfungua kamba za sanda. Nikatia mchanga wangu, kisha nikatia na wako.”