Kwanza mimbari, kisha nyundo

Mahubiri ya wanamageuzi wa Kiprotestanti, karne ya 16, dhidi ya ushirikina katika ibada yaliegemea hasa amri ya kutojichongea sanamu. Walutheri, kama Wakatoliki, waliihesabu ndani ya amri ya kwanza. Wanamageuzi wa Zürich na Geneva, miji ya Uswisi, wakaitenga kuwa ya pili, hata mtoto anayekariri katekisimu asiweze kuiruka. Badiliko dogo, ila naliona zito kuliko hotuba nyingi za ukali.

Ugumu ulikuwa jinsi ya kutoka mimbarini hadi kwenye sanamu yenyewe. Tazama Zürich. Septemba 1523 mhubiri Leo Jud alihubiri dhidi ya sanamu, na punde watu wakaanza kujichukulia hatua; Klaus Hottinger aliangusha msalaba mkubwa Stadelhofen, nje kidogo ya lango la mji, akafukuzwa mjini. Baraza la mji likaitisha mdahalo mwezi Oktoba. Baada yake sanamu ziliachwa palepale kwa muda, na mapadri wakaagizwa kuwafundisha watu. Amri ya kuziondoa ilitoka Juni 1524. Waliokuwa wamelipa kanisa sanamu hizo kama zawadi waliruhusiwa kuzichukua. Kisha milango ikafungwa, wahubiri wakaingia pamoja na maseremala na waashi, sanamu zikashushwa na kuta zikapakwa chokaa. Hazikufika wiki mbili, kazi ikaisha.

Perth, Scotland, hapakuwa na nafasi hiyo. Tarehe 11 Mei 1559 mwanamageuzi John Knox alimaliza kuhubiri, padri akajitokeza kuadhimisha Misa papo hapo, kijana mmoja akarusha jiwe. Kanisa likavamiwa, na nyumba za watawa zikafuata. Martin Luther aliliogopa jambo hili hili alipohubiri siku nane mfululizo Wittenberg, Ujerumani, Machi 1522: sanamu itoke moyoni kwanza, kwa Neno, bila kumlazimisha mtu.

Ikiwa kosa la kwanza lilikuwa haraka ya kuvunja, la pili lilikuwa haraka ya kutoa ushahidi. Februari 1538 Askofu John Hilsey alihubiri Paul's Cross, mimbari ya uwanjani London, na sanamu ya Yesu msalabani kutoka Boxley, iliyodhaniwa kujitikisa kwa muujiza kumbe ni kwa nyaya, ikavunjwa mbele ya umati. Hapo hoja ilijithibitisha yenyewe, kwa kuwa nyaya zilionekana. Lakini siku hiyohiyo alisema pia kwamba damu takatifu ya abasia ya Hailes, iliyoheshimiwa kama damu ya Kristo, ni damu ya bata, kwa maneno aliyoyasikia tu. Masalia hayo yakachunguzwa baadaye mwaka huo. Novemba Hilsey alirudi mimbari ileile, safari hii akiwa nayo mkononi, akasahihisha: ni asali iliyotiwa zafarani.