Mashua ndogo, bahari kubwa
Wiki ya tatu hii mashua iko juu ya trela, na mimi chini yake na tochi. Nilidhani kazi kubwa ingekuwa matanga. Wapi! Nyaya zinazoshika mlingoti ndizo zilizonitoa jasho: uzi mmoja wa chuma ulikuwa umekatika pale waya unapoingia kwenye kishikizo, mahali ambapo huoni kitu mpaka upitishe kitambaa kinase. Nikabadilisha zote. Nanga nimeiongezea mnyororo, ndoo ya kutolea maji yanayoingia mashuani nimeifunga kamba isije ikanitoroka, na kamba ya kupunguza tanga (kulikunja liwe dogo upepo ukizidi) sasa naifikia bila kuachia usukani. Jana nikaishusha majini, nikajaribu karibu na ufuko, upepo umechachamaa, kupunguza tanga mara nne. Ya kwanza, aibu tupu 😂