Waifai hadi kibanda cha uani

Kibanda cha uani kwetu Mikindani, ambacho sasa ndicho ofisi yangu, kina kuta nene na paa la bati linaloteremka hadi karibu na dirisha, hivyo mawimbi ya ruta iliyo sebuleni yalikuwa yakifika huko yakiwa hoi. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri kuliko ya gigahezi 5, lakini hata hayo hayakutosha. Kifaa cha kurudia mawimbi sikukitaka, kwa kuwa aghalabu hupunguza kasi. Nilichagua waya wa mtandao wa matumizi ya nje, ambao hufaa hadi mita 100, nikaufukia ndani ya bomba la plastiki kando ya mwembe (mizizi ilinitoa jasho), kisha nikaunganisha ruta ya zamani kule kibandani, baada ya kuzima sehemu yake ya kugawa anwani za mtandao, ili kazi hiyo ibaki kwa ruta ya sebuleni. Viungio vya nje nimeviziba barabara, maana hewa ya chumvi huku pwani huila shaba upesi.